Makopo Mawili na Dengu za Ngulyati

Miaka michache iliyopita tulikuwa Ngulyati, Wilaya ya Bariadi, kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alikuwa na somo la udongo katika Darasa la Sita, akatuomba tumsaidie kuandaa jaribio. Tulichukua makopo mawili. La kwanza tulilitia udongo wa shamba la mahindi lililopuliziwa dawa ya magugu mwezi Desemba, la pili udongo wa kando usioguswa na dawa. Wanafunzi wakapanda maharage 10 katika kila kopo. Siku ya sita walihesabu miche: 9 huku, 9 huku. Tukalitangazia darasa kwamba dawa imekwisha, tukaumwaga udongo.

Mwenye shamba, mzazi wa mmoja wa watoto wale, alikuwa akilingojea jibu hilo. Mwezi Aprili alipanda dengu, kama ilivyo desturi ya huko mvua zinapoelekea ukingoni, ili zikue kwa unyevu uliobaki katika udongo mweusi wa mbuga. Tulipopita tena alitupeleka shambani. Majani yalikuwa ya manjano, yamekauka kuanzia kingoni. Akasema kwa upole, "Mwalimu, kuota ziliota, kama ulivyosema."

Dawa ile ilikuwa atrazini. Atrazini haizuii mbegu kuota, kwa kuwa mche mchanga huishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu. Hunyonywa na mizizi, ikapanda hadi kwenye majani, na huko hulizuia jani kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Basi sisi tulihesabu miche siku ambayo madhara yalikuwa hayajapata mahali pa kuonekana. Mahindi huivunja dawa hiyo mwilini mwake. Dengu na maharage hayawezi.

Ardhini, wavunjaji wakubwa ni vijidudu vya udongo, navyo vyahitaji unyevu na joto. Katika udongo mwingi atrazini hupungua hadi nusu kwa muda wa miezi miwili hivi. Kutoka Desemba hadi Aprili, basi, robo yaweza kuwa ingalipo. Na udongo ukiwa mkavu, au wenye magadi kama ulivyo mara nyingi ule wa mbuga, hubaki zaidi. Glaifosati ni habari nyingine: chembe za mfinyanzi huishika kwa nguvu, na kwa kawaida haidhuru zao lifuatalo. Atrazini hushikwa kwa ulegevu, ikateremka na maji. Kwa hofu ya maji ya ardhini Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kuiondoa sokoni, ingawa Marekani ingali ikitumika.

Sasa jaribio hili twalifanya kwa majuma matatu, makopo yakiwa juani, na twapanda zao lile lile ambalo mkulima anataka kulipanda. Udongo twauchota sehemu kadhaa za shamba, kwa kina cha jembe. (Makopo yaliyokuwa na dawa yasitumike kamwe, tumepata kuyaona madarasani.)

Msimu uliofuata mzee yule alikuja mwenyewe shuleni na udongo wake ndani ya ndoo, akauliza makopo yatakaa siku ngapi. Tukamjibu, "Siku 21, Baba." Akasema atangoja.