Mbwa Asiyebweka

Nyumbani kwangu hapa Ibadakuli, nje kidogo ya Shinyanga mjini, kuna mbwa mzee. Aliletwa mwaka 2011 akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kapu, zawadi ya mzee mmoja wa kanisa aliyeniambia kwamba nyumba ya mchungaji hailindwi kwa sala peke yake. Watoto wangu walimwita Sungusungu, kwa kukumbuka ulinzi wa jadi ulioanzia huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina lilimfaa. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyekatiza uani kwetu usiku bila sisi kujulishwa.

Uzee ulimjia wakati wa kiangazi. Wenyeji mnajua kiangazi chetu: kuanzia Juni mpaka Oktoba majani yanageuka rangi ya mchanga, malambo yanakauka, na upepo unaingiza vumbi mpaka katikati ya kurasa za Biblia. Sungusungu alikuwa na kawaida ya kulala chini ya mwarobaini na kuhama na kivuli kadiri jua lilivyosogea. Mwaka ule kivuli kilianza kumwacha. Ungemkuta amelala juani, hana habari, mpaka mtu amwamshe. Macho yaliingia ukungu, masikio yakafa. Usiku mmoja wa Oktoba kuku wetu saba waliibwa, naye alikuwa amelala hatua kumi tu kutoka bandani.

"Mchungaji," aliniambia mzee yuleyule aliyenipa, "mbwa asiyebweka ni mdomo wa kulisha tu." Akanitafutia kijana wa kuifanya kazi hiyo. Jumatatu tulikubaliana: shilingi elfu kumi, na angekuja Jumamosi.

Jana yake, Jumapili, tulikuwa na Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Nilisimama mimbarani nikahubiri karibu dakika arobaini kwamba mwanadamu hahesabiwi haki kwa kazi zake, bali kwa neema, kwa njia ya imani. Washarika waliitikia amina. Mimi mwenyewe sikuona kwamba mahubiri yale yalihusu chochote kilichokuwa uani kwangu.

Alhamisi jioni Sungusungu hakuonekana. Niliacha pikipiki, maana mbwa hatafutwi kwa pikipiki, nikatembea nyumba kwa nyumba nikiuliza. Watoto walininyoshea kidole kuelekea nyumba ya mwisho, upande wa mashamba. "Yuko kwa bibi," walisema. Hawakukubali kunisindikiza.

Bibi huyo ni mjane na msharika wetu wa siku nyingi. Nilimkuta kakaa kwenye kigoda mlangoni, Sungusungu amelala miguuni pake, na katikati yao sahani ya michembe iliyochemshwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba mchungaji. Umepotea sana."

Nilimweleza kwamba aliyepotea ni mbwa. Akatabasamu, akasema mgeni wake huyo huja kila siku tangu jua lilipozidi. Nikaona nimwambie ukweli, kwamba baada ya Jumamosi hatakuja tena.

"Kwani amekosa nini?"

"Amezeeka, bibi. Habweki tena."

Alinyamaza kwa muda, akimkuna mbwa nyuma ya sikio. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Hata mimi sibweki, baba."

Ndugu zangu, nisiwafiche. Jina la bibi yule lilikuwa kwenye orodha yangu ya wazee wa kupelekewa Meza ya Bwana nyumbani, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiliruka. Macho yake ni mekundu. Sisi wa Shinyanga hatuhitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Tumezika bibi zetu wengi, mkoani kwetu na mikoa ya jirani, waliokatwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ukawa macho mekundu tu. Na macho hayo, mara nyingi, yalichomwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe mahali ambapo kuni zilikwisha.

Minong'ono juu yake nilikuwa nimeisikia. Sikuiamini hata siku moja. Lakini sikuikemea pia. Niliogopa kuonekana nikiingia na kutoka kwenye ua ule, na kila nilipopita na pikipiki nilijiambia kwamba nina haraka, nina kikao, nina mazishi. Isaya, katika sura ya 56, anawafananisha walinzi wa watu wa Mungu na mbwa bubu. Sura hiyo niliisoma chuo cha theolojia, nikaijibia mtihani, nikafaulu. Jioni ile, nikiwa nimesimama mbele ya bibi na mbwa wangu, ndipo nilipoielewa. Mbwa aliyeona hatari akanyamaza hakuwa Sungusungu. Yeye masikio yalikuwa yamekufa. Yangu yalikuwa mazima.

Usiku uleule nilimpigia yule kijana asije. Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza niliyokuwa nimeyasikia. Jumapili iliyofuata, bila kutaja jina la mtu, nilisema kanisani kwamba kumnong'ona mwenzako uchawi ni kumnolea panga, na anayesikia akanyamaza ameshika mpini. Hapakuwa na amina nyingi. Baadhi walinipita mlangoni bila kunipa mkono, na wapo waliosema bibi amenilisha kitu.

Mvua zilipoanza, Majilio yakatukuta njia ya kule imekuwa udongo mweusi unaonata mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sungusungu aliendelea kwenda, nami nikawa naenda naye, kwa mwendo wake. Mbwa mzee anasimama kila baada ya hatua ishirini, na ukisimama unalazimika kusalimia. Nilifika kwenye milango ambayo pikipiki yangu haikuwahi kuniruhusu kuiona.

Wakati wa Kwaresima tulimpelekea bibi Meza ya Bwana. Nilitegemea kwenda na mke wangu tu, lakini wazee wanne wa kanisa walifuatana nasi. Mmoja wao alikuwa yule aliyeniambia habari za mdomo wa kulisha. Alikuja na bati mbili begani, akaziba sehemu iliyokuwa inavuja, na hakusema neno. Sungusungu alilala kizingitini, ikabidi sote tumruke.

Sasa ni Juni tena. Watu wanachuma pamba, usiku ni baridi, na mbwa wetu anafunikwa gunia. Hatafika mbali. Mtoto mmoja wa Kipaimara ameniuliza kama mbwa huenda mbinguni. Nilimjibu kwamba Paulo, katika Warumi sura ya 8, anasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru, na kwamba nitamwachia Mungu mengine. Mithali nayo, sura ya 12, inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Nilichelewa kujali, lakini nimeanza.

Mpendwa msharika, pengine nawe kuna mlango unaoupita kwa haraka. Wiki hii uuendee kwa miguu. Piga hodi, amkia, kaa. Na ukisikia wanamnong'ona mwenye mlango huo, usinyamaze. Bwana hatupendi kwa sababu ya kubweka kwetu. Ila ametuweka tuwalinde wenzetu, na sauti bado tunayo. Amina.