Vifaa ni vya bure, sasa unaniuzia nini?

Wadau, kuna swali niliulizwa mwaka jana na mama mmoja hapa Lambwe na hadi leo linanikereketa. "Wuoda, mpwa wangu ananiambia hivyo vitu vyote ulivyotumia ni vya bure huko kwa intaneti. Sasa unaniuzia nini?"

Ngoja nianze mwanzo. Wanaonifuata wanajua niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa. Kompyuta sikuiacha. Huku bondeni, jirani na mbuga ya Ruma, mbung'o wamesumbua mifugo tangu enzi za babu zetu, kwa hivyo mwenye agroveti hakosi wateja wa dawa za ng'ombe. Shida ya huyu mama ilikuwa madeni. Alikuwa anayaandika kwa daftari tatu, na moja ilikuwa imemwagikiwa chai. Nikamtengenezea programu ndogo ya stoki, madeni na tarehe za dawa kuisha muda. Tulikubaliana shilingi 15,000. Akalipa 8,000. Hizo 7,000 zilizobaki ndizo zilizaa swali.

Nilimjibu vizuri tu, nadhani. "Mama, ukiazima jembe kwa jirani, mahindi ni ya nani?" Akacheka. Na kisheria nilikuwa sawa, kwa upande huo. Video mnazoona hapa nazihariri kwa Kdenlive, sauti naisafisha kwa Audacity, picha natengeneza kwa GIMP. Zote ziko chini ya leseni ya GPL na hakuna mtu atakuja kudai video zangu. GPL toleo la 3, lile la 2007, lenyewe linasema kile programu inachotoa hakishikwi na leseni, isipokuwa kama ndani yake kimebeba sehemu ya hiyo programu.

Hiyo "isipokuwa" si mchezo. Kuna GCC, kompaila inayotumika dunia nzima. Ikigeuza msimbo wako kuwa programu, huacha ndani vipande vyake vidogo. Ndiyo maana wenyewe waliandika ruhusa maalum, iliyoandikwa upya 2009, ili hata mtu anayeuza programu iliyofungwa aweze kuitumia bila wasiwasi. Walijua jembe lao linaacha kutu kwa mahindi.

Basi mpwa akaja wikendi kutoka Nairobi. Akafungua laptopu ya duka, akabonyeza bonyeza. "Haya madirisha na vitufe umeunda na nini?" PyQt, nikamwambia. "Leseni yake umesoma?" Nikacheka. Buda, nani husoma leseni?

Usiku huo nikasoma.

Python haina neno, leseni yake inaruhusu karibu kila kitu. SQLite, ambamo naweka data, wenyewe waliiachia umma kabisa. Lakini PyQt ni GPL toleo la 3, ama ununue leseni ya biashara kutoka Riverbank Computing ya Uingereza. Na PyQt si jembe. Iko ndani ya programu yenyewe, inatembea nayo hadi dukani. Hiyo ni mbegu, na mbegu ya masharti: uza mavuno kwa bei unayotaka, lakini anayenunua apate msimbo na haki ya kupanda tena. Mimi nilikuwa nimempa mama faili moja lililofungwa, na kwa dirisha la kwanza nimeandika kwa herufi kubwa HAIRUHUSIWI KUNAKILI. Maduka mawili mengine pia nilikuwa nimewauzia hivyo hivyo. Kumbe mwenye makosa ni mimi.

Na bado mama hakuwa sawa. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa mambo mawili, ndiyo maana wenzetu wanabishana miaka yote. Sisi tuna bure na tuna huru. GPL haijali bei. Ningeweza kumuuzia kwa 100,000 kama angekuwa nazo. Angalia KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa kwenye vituo vingi vya afya nchini: umejengwa juu ya OpenMRS, ambayo msimbo wake uko wazi, na kuna watu wanalipwa kuusimika, kuurekebisha na kufunza wauguzi. Ushahidi, iliyozaliwa hapa Kenya mapema 2008 wakati wa ghasia za uchaguzi, pia msimbo wake uko wazi. Hakuna aliyewaambia hao wafanye kazi na njaa.

Kwa kazi mpya nilihamia PySide, inayofanana sana na PyQt lakini iko chini ya LGPL, ambayo hainilazimishi kufungua msimbo wangu mwenyewe. Nilimaliza kwa usiku mbili. Lakini zile nakala zilizotoka zilikuwa zimetoka. Nikawekea kila mteja flashi yenye msimbo wote na leseni, nikaenda kwa mama nikamweleza, nikatoa na ile HAIRUHUSIWI. Akaiweka flashi kwa droo chini ya vitabu vya risiti. Akanipa 4,000. "Nyingine soko likichangamka, wuoda."

Mpwa naye alinakili hiyo flashi. Baadaye nikasikia ameuza programu yangu kwa agroveti moja huko Sindo, shilingi 10,000. Nilikasirika, siwezi kuwadanganya. Nikarudi kwa leseni kutafuta mahali pa kumshika. Hakuna. Nilimpigia nikamuuliza kama amewapa msimbo. Amewapa, pamoja na leseni, na jina langu ameliacha pale juu.

Mwezi uliopita mwenye duka la Sindo akanipigia. Tarehe za dawa zinasoma mwezi kabla ya siku, na mpwa yuko Nairobi hashiki simu. Namba yangu aliipata ndani ya programu. Nikapanda boda. Nimemchaji 1,500, nauli kando.