Redio ya Saiti

Ujenzi nilianzia Temeke, miaka ya 1980, nikiwa saidia fundi. Fundi wangu hakuanza kazi kabla ya kuwasha redio, na Juwata Jazz ikipigwa aliongeza sauti. Bendi ile ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikimilikiwa na chama cha wafanyakazi. Leo ndiyo Msondo Ngoma. Nyimbo zake nyingi huanza taratibu, waimbaji wakisimulia kisa, kisha magitaa na tarumbeta hupamba moto. Wakati wa kisa tulijaza makarai na kuvuta pumzi. Magitaa yakikolea, tulijitwisha tukapanda. Hakuna aliyetupangia hivyo. Sikio likishanasa mdundo, ubongo huiandaa misuli kuufuata, ndiyo maana hata mtoto asiyejua kusema hutikisa mabega akisikia ngoma.

Nilipohamia Madale kulikuwa na mashamba na vumbi, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kikiwa jirani. Viwanja vikauzwa, nyumba zikaota, nami nikawa fundi mwenye vijana wangu. Wao walikuja na singeli, muziki wa Manzese na Tandale, unaopita mapigo 200 kwa dakika, wakati moyo wa mtu aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Wazee wenzangu waliuita kelele. Mimi niliupenda tangu siku ya kwanza ya kumwaga slabu. Zege halilali: likishatiwa maji, mna kama saa moja na nusu kabla halijaanza kushika. Singeli ikilia, ndoo zilipita mkono kwa mkono, vijana wakiitikia kwa sauti, na uchovu ulikuja baada ya kazi, si katikati yake.

Plasta ni habari nyingine. Inataka mkono mrefu, mtulivu, na hapo niliweka taarabu ya Unguja, ya Culture Musical Club. Fidla zikivuta, mkono nao unavuta, ukuta unatoka laini. Ukiniuliza, huo ndio muziki bora wa fundi.

Kijana wetu mmoja alifiwa na mama yake. Aliporudi saitini aliomba kaswida tu, na siku nzima tulisikiliza kaswida. Hakuna aliyenung'unika. Alasiri tulimsikia akiitikia kwa sauti ndogo, akala chakula alichokuwa amekiacha mchana. Maneno yetu ya pole yalikuwa hayajamfikisha hapo.

Ninyi mnaojenga Madale sasa, msiwazimie vijana redio siku ya zege. Lakini mtu akipanda jukwaa, singeli izimwe: miguu itaufuata mdundo, na ubao wa jukwaa ni mwembamba.