Doa la Kidoleni: Kufundisha Sumu ya Fedha

Katika maabara zetu hapa Songea, twatumia nitrati ya fedha kupima kloridi. Mwanachuo akiigusa, kidole hubaki na doa jeusi kwa siku kadhaa. Doa hilo twaliona kuwa zana nzuri ya kufundishia.

Mwanga huigeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe nyeusi za metali. Tabaka la juu la ngozi lina seli zilizokwisha kufa. Likibanduka, doa huondoka nalo. Seli hai hazina ngao hiyo. Ayoni za fedha hushikamana na salfa iliyomo katika protini, vimeng'enya vikashindwa kazi, seli ikafa. Mwaka 1881 daktari Credé wa Leipzig alitangaza matone ya nitrati hiyo kwa macho ya watoto wachanga. Yaliua vijidudu, lakini mara nyingi yaliwasha jicho lenyewe.

Hapo mwalimu na aulize: dawa iuayo kijidudu, itayaacha matamvua ya samaki? Vijito vya Matogoro huingia mto Ruvuma. Kwa hiyo mabaki ya jaribio yasimwagwe mferejini. Yatiwe chumvi ya mezani, mashapo meupe yatuame, kisha yakusanywe chupani. Usafi huo ni sehemu ya somo, wala si kazi ya baada ya kengele.