Kilo Tatu Hadi Irente

Kondakta alitaka begi liende kwenye buti. Nikakataa, nikalipakata kutoka Dar es Salaam hadi Mombo, maana ndani mlikuwa na kamera mbili na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Rafiki yangu, mpiga picha za harusi aliyehamia dijitali zamani, alikuwa anauza moja. "Nenda nazo zote," alisema. "Utakayoichoka, nirudishie."

Zote zinakula filamu ya 120, ile ile ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901, upana wake kama sentimita 6. Hakuna inayodai betri. Undugu wao unaishia hapo. Fuji GW690 inatoa picha 8 kwa roli, sentimita 6 kwa 9, lenzi yake haibanduki, na shingoni huisikii sana. Mamiya RB67, muundo uliotoka mwaka 1970, inatoa 10 za 6 kwa 7, na ikishavaa lenzi inakaribia kilo 3. Ukiongeza stendi yake, umebeba mtoto.

Mombo nikabadili gari, tukapanda kona za Soni hadi Lushoto. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa njiani kwenda Irente kwa miguu. Nusu ya safari bega langu lilishapiga kura: Fuji.

Irente ni jabali linalokatika ghafla. Chini kabisa, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge, kisha nyika ya Wamasai hadi macho yachoke. Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Kivuli cha mlima kilikuwa bado kimelala nyikani, na mbingu tayari zimewaka. Hapo unahitaji kichujio chenye giza upande wa juu tu, na mpaka wa giza lile ukae sawasawa na upeo wa macho. Kwa Fuji nilikuwa nakisia, maana unachungulia kupitia kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi. Nikapiga tatu. Nilipotaka kurekebisha kichujio kwa picha ya nne ndipo vidole vikagusa kitu nyuma yake: kifuniko cha lenzi.

Nikaitoa Mamiya. Unainamisha kichwa, unatazama kioo kilicholala kama unachungulia kisima, na dunia imo humo, ila kulia kumekuwa kushoto. Kichujio nikakiona kinashuka, nikakisimamisha nilipotaka. Nilipotaka picha ya wima, sikugusa stendi. Nikazungusha mgongo wa kamera tu. Dakika ishirini kwa picha mbili. Sijawahi kuitazama nyika ile kwa muda mrefu hivyo.

Kijana mmoja mchunga mbuzi akaomba kuchungulia. Nikamfungulia kioo cha kukuzia. Akaganda, kisha akacheka.

"Kaka, mbona basi la Moshi linarudi Dar?"

Wiki iliyofuata nilisafisha filamu bafuni, kisha nikampelekea rafiki yangu Fuji pamoja na hela ya Mamiya. Akainua filamu ya Fuji dirishani. Vipande vitatu vya mwanzo vilikuwa vitupu, vinapitisha mwanga kama kioo.

"Hata mimi," akasema. "Harusi ya dada yangu."