Jani Linajuaje Chini ni Wapi?

Tulipopangiwa kufundisha Loliondo, tulikwenda na somo la uzazi wa mimea usiohitaji mbegu likiwa tayari daftarini: marando ya viazi vitamu, pingili za muhogo, machipukizi ya mgomba. Mifano ni mizuri, lakini wengi darasani walikuwa watoto wa wafugaji. Wachache waliotoka vijiji vya Wasonjo, ambako viazi vitamu hulimwa kwa maji ya mifereji, waliitikia kwa kichwa. Waliosalia walinakili tu.

Ndipo tulipoukumbuka mmea ambao Wamasai huuita oldupai, mkonge wa porini uliolipa Bonde la Olduvai jina lake, ingawa wageni walikosea kulitamka. Huenea kwa shina litambaalo ardhini. Tena jani lake likikatwa vipande na kupandwa, kipande chaweza kutoa mizizi. Mkonge wa mashambani nao haukuenezwa kwa mbegu. Mwaka 1893 vichipukizi 1,000 vilisafirishwa kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika hai nchini mwetu vilikuwa 62. Hivyo ndivyo asili ya mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wanafunzi walileta majani ya oldupai, tukayakata, tukavipanda vipande katika makopo ya mchanga. Baada ya majuma kadhaa baadhi vilikuwa na mizizi, vingine vimeoza. Tuliwakaripia watoto kwa kumwagilia maji kupita kiasi. Msichana mmoja aking'oa kipande kilichooza, akakitazama unene wake huku na huku, akasema kilipandwa kichwa chini. Tukavikagua vingine, ilikuwa kweli. Kisha akauliza: "Mwalimu, jani linajuaje chini ni wapi?"

Tulimjibu kwamba hilo halimo katika muhtasari wa masomo.

Yatubidi tukiri kwamba hatukuwa na jibu, nasi tuliona haya kusema hivyo. Ndani ya mmea mna kichocheo kiitwacho oksini, kisafiricho kutoka upande wa ncha kuelekea shinani. Jani likikatwa, oksini hujikusanya penye mkato wa upande wa shina, na hapo ndipo mizizi huanzia. Kukipindua kipande hakuibadili njia hiyo.

Mwanachuo atakayelijaribu somo hili na aanze mapema katika muhula, maana mmea huu hauna haraka. Upande wa chini ukatwe mshazari ili ujulikane. Kisha vipande vichache vipinduliwe kwa makusudi, wanafunzi wakijua, nao waambiwe wabashiri. Maji yawe haba. Na mwalimu asivichomoe kuvichungulia, kama tulivyofanya sisi tukaviharibu viwili.

Muhula uliofuata tulipanda upya kwa namna hiyo, na swali la jani tuliliandika wenyewe ubaoni. Msichana yule alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba.