Ahadi ya ajira na shoka lenye mpini

  

Kila nchi yetu inapoingia katika msimu wa Uchaguzi Mkuu, hakuna neno linalosafiri jukwaani kuliko neno ajira. Mgombea urais hulitamka Dar es Salaam, mgombea ubunge hulirudia hapa Rujewa, na mgombea udiwani hulifikisha kitongojini. Sisi tunaosikiliza, ambao wengi wetu ni wazazi wenye vijana nyumbani, hulipokea kwa matumaini na kurudi majumbani bila ya kuuliza lina maana gani. Tumeona tulizungumze katika kurasa hizi za familia, kwa kuwa ukosefu wa kazi hauishii katika vitabu vya wizara. Huingia ndani ya nyumba. Huchelewesha nikaha, kwa sababu kijana hana mahari wala chumba. Humfanya baba akwepe macho ya wanawe siku ya sikukuu.

Katika kamati yetu ya msikiti, maombi yanayotufikia kwa wingi ni ya barua za utambulisho. Kijana anakwenda Mbeya, Makambako au Dar es Salaam kutafuta kazi, naye anataka karatasi yenye muhuri inayosema kuwa ni mwema na mwaminifu. Tunaiandika kwa moyo mmoja. Lakini muhuri wa msikiti haumpi kijana kazi, na ndiyo maana inatupasa kumwelewa vyema yule anayesimama jukwaani na kusema kuwa yeye anayo.

Tuchukue mfano ambao wasomaji wengi wanaukumbuka. Mwaka 2005 Chama Cha Mapinduzi kilimsimamisha Ndugu Jakaya Mrisho Kikwete, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 10, kugombea urais. Kampeni yake ilibebwa na maneno yaliyoimbwa hadi na watoto: Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Ndani ya wito wa Maisha Bora kwa Kila Mtanzania kulikuwa na ahadi yenye tarakimu, nayo ni ajira milioni moja ifikapo mwaka 2010. Uchaguzi ule uliahirishwa kutoka Oktoba baada ya kufariki kwa Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, ukafanyika tarehe 14 Desemba 2005. Ndugu Kikwete alishinda kwa asilimia 80.28 ya kura. Waislamu wengi tunaikumbuka ilani ile kwa sababu ya kifungu chake cha kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi. Ahadi ya ajira imejadiliwa kwa uchache zaidi katika baraza zetu, ingawa ndiyo iliyogusa chungu cha kila siku.

Insafu inatutaka tuseme kuwa ahadi ile haikuachwa hewani. Mwaka 2006 zilitengwa fedha ambazo wananchi walizibatiza jina la Mabilioni ya JK, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, ili wajasiriamali wadogo wakopeshwe. Mwaka 2008 ikatoka Sera ya Taifa ya Ajira. Na kabla ya muhula ule kwisha, serikali ilitangaza kuwa lengo la ajira milioni moja limefikiwa na kuvukwa. Miaka ikapita, ukaja uchaguzi wa 2020, na ilani ya chama hichohicho ikataja ajira zisizopungua milioni nane. Tarakimu imekua mara nane, na vijana wanaoomba barua za utambulisho hawajapungua. Je, kuna mtu amesema uongo? Hatudai hivyo. Tunachosema ni kuwa neno ajira lina tumbo pana, na anayelitumia asipoulizwa, hutia ndani yake chochote apendacho.

Wataalamu wa takwimu za kazi duniani wanamhesabu kuwa na kazi mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida walau saa moja katika wiki inayopimwa. Kipimo hicho kina manufaa yake kwa wanaolinganisha nchi na nchi. Lakini tukiweke juu ya majaruba ya Usangu tuone kinavyokaa. Mvua zinapoanza, vitalu huoteshwa, mashamba huvurugwa, na mwanzoni mwa mwaka bonde lote hujaa watu wa kupandikiza mpunga. Wengi ni wanawake, na baadhi yao hushuka kutoka milimani wakiwa na watoto mgongoni. Hufuata palizi, kisha kuamia ndege, kisha mavuno na kupiga mpunga, na magunia huelekea kwenye mashine za kukoboa. Maji yakishapungua mtoni, kazi nayo hukauka. Mama aliyepandikiza kwa siku 20 amefanya kazi, na mwenye kumhesabu katika wiki ile hajakosea. Ila miezi inayobaki yeye na wanawe watakula nini? Hesabu haikuulizwa swali hilo, kwa hiyo haikulijibu.

Tunaloliona hapa Rujewa ndilo lililopo katika sehemu kubwa ya nchi. Kazi zipo, zinazokosekana ni kazi zinazodumu, zenye ujira unaojulikana na mkataba unaoshikika. Wazee wetu wanalikumbuka Shamba la Mbarali lilipokuwa la umma chini ya NAFCO, lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Katika miaka ileile ya ahadi ya ajira milioni moja, shamba hilo lilikuwa limeingia katika mikono binafsi. Kila mfumo una hoja zake. Lakini hesabu ya ajira mpya ina haki ya kusomwa pamoja na hesabu ya ajira zilizobadilika au kuondoka.

Dini yetu ina kipimo kizuri zaidi cha ahadi ya kazi, nacho kimo katika hadithi maarufu iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume akamuuliza kama nyumbani kwake hakuna kitu. Yule mtu akataja nguo nzito wanayojifunika sehemu na kutandika sehemu, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya masahaba. Mmoja akatoa dirham moja. Mtume akaendelea kunadi, mwingine akatoa dirham mbili, akauziwa. Fedha zile akapewa Muanswari, naye akaelekezwa dirham moja anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume (s.a.w.) alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, wala asimuone kwa siku 15. Akarudi akiwa amepata dirham 10, amenunua nguo na chakula.

Tuitazame hadithi hii kama watu wanaotafuta sera ya ajira. Mtaji ulitoka katika kile alichokuwa nacho mwenyewe mhitaji. Familia ililishwa kwanza, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kungoja faida ya kesho. Kazi ilikuwa na chombo chake, na kiongozi alihakikisha kuwa chombo kimekamilika kabla ya kukikabidhi. Waswahili nao husema, shoka lisilo mpini halichanji kuni. Kisha ukawekwa muda wa siku 15, na baada yake hesabu ya kilichopatikana. Hapakuwa na tarakimu ya kushangaza. Alikuwa mtu mmoja, na alipomaliza alikuwa na kazi kweli.

Kwa kipimo hicho, Mabilioni ya JK yalikuwa shoka ambalo Waislamu wengi hawakuweza kulishika mpini. Fedha zile zilipitia benki, zikatolewa kwa riba. Kijana aliyefundishwa madrasa kuwa riba ni vita dhidi ya Allah na Mtume wake alisimama mlangoni, akatafakari, akarudi. Ni haki kueleza pia kuwa jambo hili limepiga hatua. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Tunawaomba ndugu zetu waitazame asilimia 10 hiyo kwa jicho la hadithi ya shoka. Ushuru wa mazao ni sehemu ya mapato ya halmashauri, na zao letu kuu ni mpunga. Maana yake ni kuwa fedha ya mkopo inatoka katika tope la majaruba yetu wenyewe. Ndiyo nguo yetu na bakuli letu. Basi kikundi cha vijana wa msikiti kinachotaka mashine ya kupandikizia, au cha akina mama kinachotaka kununua mpunga wakati wa mavuno na kuukoboa baadaye, hakiombi sadaka kwa mgombea yeyote. Kinaomba kilicho chake kwa mujibu wa sheria. Mgombea anayekuja kutuahidi mikopo kama zawadi yake binafsi akumbushwe hilo kwa adabu.

Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni katika nyumba za ibada, nasi tunaiunga mkono katazo hilo kwa moyo wote. Mimbari si jukwaa. Lakini viwanja vya mikutano vipo, na Muislamu ana ulimi huko kama raia mwingine. Mgombea akitaja ajira, aulizwe ni kazi gani, katika eneo gani, na itadumu miezi mingapi katika mwaka. Aulizwe chombo chake ni kipi: ni mafunzo ya ufundi VETA, ni mfereji utakaofikisha maji mashamba ya mwisho, au ni mkopo, na kama ni mkopo, una riba au hauna. Aulizwe atarudi lini kutusomea hesabu. Nabii Yusuf (a.s.) aliwapa watu wa Misri mpango kamili, miaka saba ya kulima na kuhifadhi nafaka katika masuke yake kwa ajili ya miaka saba ya shida, kabla ya kuomba akabidhiwe hazina za nchi. Na alipoomba, alitaja sifa mbili zinazohusu kazi yenyewe, uhifadhi na ujuzi. Anayeomba cheo bila ya mpango amegeuza utaratibu wa Mitume.

Kuna upande mwingine ambao hauwezi kusubiri uchaguzi. Katika wilaya hii mwajiri mkubwa si serikali. Ni mwenye jaruba. Kila anayemwita kibarua kupandikiza, kupalilia au kubeba gunia ameshakuwa waziri wa ajira katika eneo lake la ekari moja au mbili. Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na ametufikishia kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mwenye shamba anayemwambia mpandikizaji angoje mpaka mavuno, bila ya kuwa wamepatana hivyo tangu mwanzo, anazungumza kwa lugha ileile ya ahadi za jukwaani. Wapatane kabla ya mguu kuingia topeni: kiasi gani, kwa kipande kipi, kitalipwa lini, na wawepo mashahidi. Taratibu hii haihitaji ilani wala bajeti. Kamati za misikiti zinaweza kuihimiza kuanzia msimu ujao, na imamu akaikumbusha katika hotuba ya Ijumaa vitalu vinapokaribia kung'olewa.

Ardhi ya Usangu inatufundisha kuwa kazi hujengwa taratibu. Miongoni mwa waliochimba mifereji na kueneza kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika bonde hili enzi za ukoloni walikuwamo Wabaluchi, ndugu zetu katika imani, waliotoka mbali na kufanya makazi hapa. Hawakutangaza idadi ya ajira. Walifungua maji, na hadi leo maelfu ya watu wa kila kabila na kila dini hupata riziki katika kilimo hicho.

Ahadi ni deni, na Qur'ani imetuonya kuwa kila ahadi itaulizwa. Mgombea ataulizwa kwa milioni alizozitamka, na mwenye jaruba ataulizwa kwa mpandikizaji mmoja. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu kazi za halali zenye baraka, awape viongozi wetu uaminifu na ujuzi, na atupe sisi ujasiri wa kuuliza kwa adabu na insafu ya kulipa kwa wakati.